Sindano ya Mbuzi wa Harusi

Ndugu zetu wa damu, majirani wa mtaa mzima, na ninyi wenzake wa kazini mliokaa pale mbele kwenye viti vya mito, poleni, na poleni tena. Familia imenipa mimi kazi ya kuwasomea maisha ya mpendwa wetu, mimi wifi yake, dada wa mumewe, kwa sababu kaka yangu alijaribu kuyasoma jana sebuleni akakwama kwenye mstari wa pili, na watoto walisema wazi kwamba wao wakisimama hapa ama watalia ama watatukana. Kamati ya mazishi iliniomba nisizidi ukurasa mmoja, nami nikaitikia kwa heshima zote, lakini mtu aliyeishi miaka sitini na saba hakunjiki akaenea kwenye ukurasa mmoja, kwa hiyo mtanivumilia, na atakayechoka, geti liko wazi.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 3 Aprili 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya bucha ya baba yake, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, baba akiuza nyama na mama akishona nguo za watoto, hivyo alilelewa kati ya gogo la kukatia nyama na cherehani, na vyote viwili vilimwingia damuni. Wenzake walipokuwa wakicheza na wanasesere, yeye alikuwa akiokota vipande chini ya gogo la baba yake, akavigonga kwa jiwe, akaona mwenyewe kabla hajajua kusoma kwamba mfupa mbichi hupasuka kwa urefu, unakufuata unakotaka, na mfupa uliokauka huvunjika ovyo na kukukata vidole. Baba yake alikuwa akiwaambia wateja kwamba huyu akikua ama atairithi bucha ama atafungwa, na wateja walicheka, na yeye alicheka nao.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1971, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana hadi mwaka 1977, na huko ndiko alikopewa jina la Bi Mifupa, jina lililomganda mpaka leo, kiasi kwamba juzi tulipokwenda kuagiza msalaba fundi alituuliza jina la marehemu tukatazamana kwanza. Mwaka 1978 alijiunga na chuo kikuu kusomea mambo ya kale, akahitimu mwaka 1981, mwanamke pekee katika darasa lake, na aliyemfundisha kuchimba, kupima tabaka za udongo na kushika brashi kama mtu anayempangusa mtoto macho, ni bwana mmoja aliyekuwa kijana bado wakati huo, ambaye baadaye alikuja kuwa mkurugenzi wa jumba la makumbusho, na ambaye sote tunamwita Mkubwa. Mkubwa yupo hapa leo, tunamshukuru kwa kufika, ameketi kiti cha tatu kutoka kushoto, na ratiba inasema nikitoka mimi anafuata yeye.

Tarehe 1 Februari 1982 marehemu aliajiriwa na jumba hilo kama mtafiti msaidizi, kwa mkono wa Mkubwa huyo huyo, naye alikuwa akilisema hilo kila mara, kwamba mlango ule alifunguliwa, hakuuvunja. Kazi yake ilikuwa zana za mifupa, yaani vitu ambavyo watu wa kale sana, kabla ya chuma, walichonga kutoka kwenye mifupa ya wanyama waliowala, vitoboleo vya ngozi, ncha za mikuki, chusa za samaki zenye meno, na sindano, na Agosti 1985, katika pango walilokuwa wakichimba kwa msimu wa pili, ndani ya jivu la moto uliozimika maelfu ya miaka iliyopita, brashi yake iligusa sindano ya mfupa iliyo nzima, ndefu kama kidole cha kati, na tundu lake. Magazeti yaliandika kwamba imegunduliwa na Mkubwa, na yeye hakununa, alisema mgunduzi ni mkuu wa msafara, ndivyo kazi ilivyo, na mimi hapo ningenuna.

Kilichomshika marehemu katika sindano ile kilikuwa ni tundu, kwa sababu halikutobolewa kwa kupekecha, lilikwanguliwa, mtu yule wa kale alichukua kijiwe chenye makali akakwangua mfereji mwembamba upande mmoja, akageuza, akakwangua upande wa pili, taratibu, mpaka mwanga ukapenya katikati, basi tundu likawa jembamba na refu kama jicho la mtu anayesinzia. Wifi alikuwa akisema kwamba huo ni mwandiko, watu wa mahali pengine walipekecha na watu wa pango lile walikwangua, na kwamba watu wale hawakutuachia jina wala kaburi, walituachia namna yao ya kutoboa sindano, basi.

Jumamosi tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na kaka yangu, fundi friji, mtu mpole kupita kiasi, katika sherehe iliyofanyika uani kwetu, na watu wakala wakashiba, na bibi harusi akiwa na shela lake kichwani alionekana akiingia jikoni na kumwomba mpishi mifupa ya miundi ya mbuzi, isipikwe. Wiki ile ambayo wenzake huwa wamejifungia chumbani, yeye alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa chini, amechora mitai miwili sambamba kwenye mfupa kwa ubapa wa jiwe, amekwenda na kurudi kwenye mitai hiyo mpaka imefika kwenye uboho, kisha amechomeka kabari akabandua ukanda wa mfupa kama anayebandua ganda la muwa, akausugua juu ya jiwe la mchanga lililoloweshwa maji, akiugeuza, akiugeuza, mpaka ukawa mwembamba na mviringo. Mama yetu alimtazama kupitia dirisha siku mbili, ya tatu akashindwa kujizuia, akamwuliza kaka yangu mbele ya wageni, "Mwanangu, umeoa mke au umeoa fisi?" Marehemu alicheka mpaka akaangusha jiwe, na tangu siku ile alipokuwa akimpigia mama simu alikuwa akisema, "Shikamoo mama, ni fisi wako."

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana maisha yake yote yamening'inia hapa. Alipofika kwenye tundu alijaribu kukwangua kama watu wa pangoni, ukanda wa kwanza ukavunjika, wa pili ukavunjika, na mfupa wa mbuzi wa harusi ulikuwa umebaki ukanda mmoja tu, akaogopa kuupoteza, akachukua ncha ya jiwe akapekecha upande huu na upande ule hadi matundu yakakutana katikati, tundu la mviringo, pana nje na jembamba ndani. Alimwonyesha mumewe akasema, "Nimewaiga kila kitu isipokuwa hapa, hapa nimefanya yangu." Baadaye alijifunza kukwangua, akatengeneza nyingine nyingi zilizo sawasawa, zipo nyumbani kwenye kopo la chai, lakini ile ya kwanza ndiyo aliyoipenda, kwa sababu ilikuwa ya harusi yake, na kwa sababu yeye aliamini zana isiyotumika haifundishi kitu, basi akaitumia, alishonea viatu, alishonea mikanda, mama yetu aliazima akashonea mito ya ngozi miaka nenda miaka rudi, mpaka ikawa ya kahawia, inang'aa kwa mafuta ya vidole, wakati zile nyingine zilibaki nyeupe kama meno ya mtoto.

Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 21 Mei 1989, ambaye ni muuguzi, na mdogo wake wa kiume aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1993, ambaye ni mpima ardhi. Marehemu aliwapenda kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno, yaani ukimwona anamshonea mtu kitu ujue amempenda, na mnamo Novemba 1995, binti alipokuwa anajiandaa kuanza shule, alikuwa akimshonea begi la ngozi kwa sindano yake ile.

Alhamisi tarehe 16 Novemba 1995, jumba la makumbusho lilipokea wageni wakubwa, na Mkubwa, ambaye siku hiyo alikuwa na furaha ya kupindukia, aliitoa sindano ya pangoni kwenye pamba yake, glasi ya juisi mkono mmoja, sindano mkono wa pili, akawaambia wageni wa karibu, "Hii mpaka leo inashona," akaichomeka kwenye ukosi wa koti lake mwenyewe, ikakatika tunduni. Maelfu ya miaka katika jivu, ikaja kufia kwenye ukosi wa koti. Marehemu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo na trei yenye pamba, aliona, na Mkubwa aliona kwamba ameona, vipande viwili vikaingia mfukoni mwa koti, na tangu siku ile hakuna aliyeviona tena.

Jioni hiyo gari la ofisi lilikuja nyumbani, dereva akabaki nje, Mkubwa akaingia mwenyewe, akamwomba ile ya kahawia, ikae mahali pa iliyovunjika kwa wiki moja tu, wageni waondoke, kisha atasema ukweli mbele ya bodi. Yeye alikuwa amekaa kitandani, begi la binti magotini, uzi ukiwa bado tunduni, akamtazama mwalimu wake, mtu aliyemfungulia mlango, akamwonea huruma, akauvuta uzi, akampa. Begi lile alilimalizia kwa sindano ya chuma, na upande mmoja una mishono mipana, upande wa pili mishono ya dukani, na wiki ile moja, ndugu zangu, haijaisha mpaka leo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, hii imepigwa lami na taa zimewekwa.

Mwaka 1998 walikuja maprofesa watatu na hadubini zao, wakaikagua ile sindano ndani ya kisanduku cha kioo, wakatangaza kwamba mng'ao wake ni wa mikono iliyoshona ngozi kizazi hadi kizazi, na mikono yenyewe ilikuwa ni ya wifi yangu na ya mama yetu na mito yake. Wakatangaza tena kwamba watu wa pango lile walikuwa mabingwa wa kupekecha, wakaandika vitabu juu ya kupekecha kule, na marehemu alikuwa amesimama nyuma ya ukumbi akisikiliza hofu yake ya kupoteza ukanda wa mwisho ikifanywa kuwa ustaarabu wa watu wa kale. Alimfuata Mkubwa koridoni, Mkubwa akamwambia, "Funika kombe mwanaharamu apite," na alipomfuata mwaka uliofuata akaambiwa hivyo hivyo, na kombe likazidi kufunikwa, sindano ikawekwa kwenye stempu, ikawekwa kwenye jalada la kitabu cha shule, ikajengewa sanamu ya saruji getini, ndefu kama nguzo ya umeme, na juu kabisa tundu la mviringo.

Mwaka 2001 binti yake, akiwa darasa la sita, aliona picha ile kitabuni akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, hii ni sindano ya mama, ni ya mbuzi wa harusi," darasa likaangua kicheko, na mwalimu akampigisha magoti mbele ya wenzake mpaka kengele kwa kusema uongo juu ya hazina ya nchi. Alirudi nyumbani na magoti yamechubuka, akamwuliza mama yake, "Mimi ni mwongo?" Kwa swali lile marehemu alipiga moyo konde, na Jumatatu iliyofuata, katika mkutano wa wafanyakazi wote, alisimama akaeleza kila kitu, mbuzi, koti, gari, wiki moja, akaomba jambo dogo, kwamba sindano ikwanguliwe unga kidogo upelekwe kupimwa umri, mfupa wenyewe useme.

Wengi wenu mlikuwepo. Mnakumbuka Mkubwa alivyovua miwani akaipangusa na kusema kwamba anamheshimu sana dada huyu lakini wivu ni ugonjwa, na kwamba sheria ya jumba ni moja, hazina haikwanguliwi. Sheria hiyo ni kweli ipo, na aliyeitunga, mwaka 1984, kuwalinda watu wa kale dhidi ya watu wenye haraka, ni marehemu mwenyewe. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, na huu ulichongwa na mikono yake.

Kuanzia Julai 2001 alihamishiwa stoo ya chini, chumba kisicho na dirisha, na kazi ya kuwaonyesha wanafunzi wanaotembelea jinsi zana za mifupa zinavyotengenezwa, basi kwa miaka kumi na moja alisugua mfupa juu ya jiwe katika hewa isiyotoka, akikohoa, akiwafundisha watoto wa watu kukwangua tundu, si kupekecha, na walimu wao walikuwa wakimsahihisha mbele yao kwa kumwonyesha kitabu. Alistaafu tarehe 30 Juni 2012, akapewa saa ya ukutani yenye picha ya sindano. Kaka yangu, mpole yule yule mnayemwona, aliichukua ile saa akaitoa betri, akaiweka chini ya kitanda, na hilo ndilo tusi pekee nililowahi kumwona akitukana.

Ugonjwa ulianza kujitokeza mwaka 2019, kikohozi, kisha kukosa pumzi kwenye ngazi, na Machi 2021 madaktari walituonyesha picha ya mapafu yake, yamejaa vumbi la mawe na la mifupa, wakasema limeingia kidogo kidogo kwa miaka mingi na halitoki. Alilazwa mara nne, mara ya mwisho tarehe 9 Mei mwaka huu, chumba namba sita, kitanda cha karibu na dirisha, na alisema ajabu, dirisha amelipata sasa ambapo hewa haiingii. Mikononi alikuwa na begi lile la ngozi, halikumtoka.

Msidhani alikuwa akililia jina lake. Mimi nilidhani hivyo, nikamwambia kitandani pale, achana nao wifi, jina lako sisi tunalijua, akanikazia macho akaniambia, kwa pumzi ile ya kuazima, "Jina langu silihitaji. Watu wale walikuwa na namna yao moja tu ya kutoboa sindano, hawakutuachia kingine. Tumewanyang'anya, tumewapa kosa langu." Kilichomuuma ni hicho, tangu mwaka ule hadi kitanda kile, na yeye alijihesabu kwenye ule wizi, kwa sababu aliuvuta uzi kwa mkono wake.

Ijumaa tarehe 17 Mei Mkubwa alikuja hospitali, tunamshukuru kwa hilo pia, alikaa, alilia machozi ya kweli, binti akiwa pale pale anabadilisha dripu. Marehemu hakumlaumu. Alimwambia, "Mwalimu, nikitangulia watakupa kipaza sauti. Sema neno moja tu, sema ilivunjika, mengine yatajisema yenyewe." Mkubwa akamshika mkono, akamjibu jibu la ofisini, "Tutaliangalia." Wifi yangu alifunga macho akatabasamu, nami nilikuwa mlangoni, nikaona tabasamu lile, na sitaki kuliona tena kwenye uso wa mtu.

Aliaga dunia Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amekwenda kununua maji. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na kopo la chai lenye sindano kumi na tisa nyeupe, zote zimekwanguliwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, hasa yule daktari kijana aliyekuwa akibisha hodi kabla ya kuingia, majirani waliopika, waliofagia, waliolala kwenye viti vyetu bila kuulizwa mara mbili, fundi wa msalaba, na dereva yule wa gari la ofisi wa mwaka 1995, ambaye leo ni mzee mwenzetu, aliyekuja peke yake jana na kumwambia kaka yangu, "Mimi nilikuwa nje, lakini nilijua." Tunawashukuru pia wenzake wa kazini kwa shada kubwa la maua, ingawa kadi mliyolifungia ina picha ya sindano ya mbuzi wetu na maneno kwamba marehemu aliilinda hazina hii maisha yake yote. Kadi tumeiondoa. Maua tumeyaacha, maua hayana kosa.

Begi lipo juu ya jeneza, kama mnavyoliona, binti ameliweka mwenyewe, na nusu moja ya mshono inamngoja mtu airudishe sindano yake.

Kwa desturi hapa ndipo ningesema neno lile la mwisho, pumzika kwa amani, wifi, kisha nikakaa. Sitalisema, kwa sababu amani yake mimi sinayo, anayo anayefuata kwenye ratiba. Mkubwa, karibu. Kipaza sauti hiki hapa, na kaburi halitafukiwa mpaka umalize.